Nimebakiza miaka mitatu kustaafu na mume wangu tayari yuko nyumbani: nianzie wapi?

SWALI: "Nina miaka 57, nitastaafu nikifikisha 60. Nimefanya kazi ya kutunza kumbukumbu kwa mwajiri mmoja karibu maisha yangu yote ya kazi. Mume wangu alistaafu mwaka jana. Tangu hapo nyumba imekuwa finyu. Ananipigia simu kazini mara kadhaa kwa siku, amehamisha vyombo vyangu jikoni, na nikimuuliza kiinua mgongo chake kimefikia wapi ananyamaza. Mtoto wetu wa mwisho ana miaka 28, ana kazi, lakini bado anakula na kulala kwetu, na sasa anataka nimdhamini mkopo. Ndugu nao wameanza kuuliza nitalipwa lini. Kila mtu ananishauri nifungue biashara, na bosi wangu ameniambia naweza kuomba mkataba baada ya kustaafu. Usiku silali. Nianzie wapi?"

JIBU: Dada yangu, kabla ya biashara, kabla ya mkataba, na kabla ya kumjibu ndugu yeyote, anza kuishi kwa pensheni yako kuanzia mwezi ujao, wakati mshahara bado unaingia. Miaka 3 uliyobakiza ina thamani kubwa kwa sababu hii: ukikosea hesabu sasa, mshahara wa mwezi unaofuata unakuokoa. Baada ya kustaafu hautakuwepo tena.

Ili uanze unahitaji namba moja tu, yaani pensheni utakayolipwa kila mwezi, nayo iko kwenye mfuko wako wa hifadhi ya jamii. Omba kwa maandishi taarifa kamili ya michango yako pamoja na makadirio ya mafao. Kwa kazi uliyofanya, utaisoma karatasi hiyo vizuri kuliko wengi, kwa hiyo isome mwezi kwa mwezi. Tafuta miezi ambayo mwajiri alikata mchango kwenye mshahara wako lakini mfuko hauonyeshi kuupokea. Kisha linganisha jina lako kwenye kitambulisho, kwenye barua ya ajira ya kwanza, kwenye akaunti ya benki na kwenye mfuko. Herufi moja iliyozidi, jina la mume upande mmoja na jina la baba upande mwingine, tarehe ya kuzaliwa iliyopishana kwa siku moja: ni vitu vidogo hivi vinavyomfanya mstaafu azungushwe kutoka dirisha hili hadi lile huku hana kipato. Ukivirekebisha sasa, unaye ofisa utumishi wa kukuandikia barua na unalo faili lako karibu. Angalia pia mnufaika ni nani. Nimeona watu wanaokaribia kustaafu wakigundua kwamba jina lililopo bado ni la mzazi waliyemwandika siku ya kwanza ya ajira, na mzazi huyo amekwisha kufariki. Na kama mfuko wako unakupa nafasi ya kuchagua aina ya malipo, uliza kabla hujasaini: nikitangulia mimi, mume wangu atabaki na nini, na kwa muda gani?

Ukiipata namba hiyo, itakushtua. Ni kawaida. Mkataba Na. 102 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1952, uliweka kiwango cha chini cha pensheni ya uzee kuwa asilimia 40 ya mshahara wa rejea, yaani mshahara unaotumika kukokotoa pensheni, kwa mtu aliyechangia au kufanya kazi miaka 30. Hicho ni kipimo cha chini kwa nchi zilizokubali sehemu hiyo ya mkataba. Mfuko wako una kanuni zake, na makadirio yake ndiyo utakayotumia. Ninakutajia ili ujue tu kwamba pensheni haikuwahi kukusudiwa kuwa sawa na mshahara.

Sasa fanya zoezi lenyewe. Siku mshahara unapoingia, toa tofauti kati ya mshahara na pensheni unayotarajia, uipeleke kwenye akaunti nyingine isiyo na kadi mkononi mwako. Kinachobaki ndicho utakachotumia mwezi mzima. Fanya hivyo miezi mitatu mfululizo, ukiwa na daftari. Usiandike "matumizi ya nyumbani" kwa mstari mmoja. Andika umeme, maji, gesi, muda wa maongezi, dawa, fedha uliyompa mtoto, fedha uliyomtumia ndugu, fedha uliyokopesha ambayo hujarudishiwa. Kwenye safu ya pili weka alama mbele ya kila kitu ambacho kitaondoka ukistaafu, kama nauli, chakula cha kazini na nguo za ofisini. Kwenye safu ya tatu andika vitakavyoongezeka, kama umeme wa mchana, miwani, meno, na bima ya afya iwapo mwajiri ndiye anayeilipia leo. Jambo hilo la mwisho liulize mapema, maana wengi hudhani bima itaendelea, kumbe kwa mwajiri wao inakoma siku ya mwisho ya kazi.

Wiki ya tatu ya mwezi wa kwanza ndiyo itakayokufundisha zaidi. Hapo fedha zinapungua na unaona ni nani anayekuomba, ni kipi unanunua kwa mazoea, na ni ahadi ipi uliitoa kwa sababu mshahara ulikuwa unakuja. Usijilaumu ukivunja zoezi. Andika kilichokufanya ulivunje, kwa kuwa hicho ndicho utakachopaswa kukishughulikia katika miaka hii mitatu. Ile tofauti uliyoitenga itumie kumaliza madeni, ukianza na lenye riba kubwa kuliko yote.

Kuna hesabu nyingine ya dakika moja ambayo ningependa uifanye na mume wako mkiwa mmekaa pamoja. Duniani kwa wastani, mtu aliyefikisha miaka 60 anatarajiwa kuishi zaidi ya miaka 20 mingine. Miaka 20 ni miezi 240. Chukua mkupuo wote, yaani fedha utakazolipwa kwa mara moja ukistaafu, uugawe kwa 240. Kile kiasi kinachoonekana kikubwa kwenye karatasi kinageuka kuwa nyongeza ya kila mwezi, na mara nyingi ni nyongeza ndogo. Hesabu hii haijaingiza riba wala mfumuko wa bei, lakini inatosha kuondoa ile hisia ya utajiri wa ghafla. Kuhusu bei, tumia kanuni ya 72: gawa 72 kwa asilimia ya mfumuko wa mwaka, utapata idadi ya miaka ambayo bei zitachukua kuongezeka mara mbili. Bei zikipanda kwa asilimia 6 kila mwaka, ni miaka 12. Maana yake, ukiwa na miaka 72 utahitaji fedha mara mbili kununua unachonunua ukiwa na 60, na kama pensheni yako haipandishwi, thamani yake itakuwa imebaki nusu. Ndiyo sababu mkupuo haupaswi kuisha mwaka wa kwanza.

Huenda utamsikia mtu akitaja kanuni ya asilimia 4. Ilitokana na kazi ya mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen, aliyeandika mwaka 1994 kwamba mstaafu aliyewekeza kwenye hisa na hati fungani angeweza kutoa takriban asilimia 4 ya akiba mwaka wa kwanza, kisha kupandisha kiasi hicho kulingana na mfumuko wa bei, na akiba ikadumu miaka 30. Alitumia takwimu za masoko ya Marekani, kwa hiyo usiinakili kama ilivyo. Ila chukua uzito wake: hata mtu aliyefanya hesabu kwa soko lenye historia nzuri aliona kwamba sehemu 100 za akiba hulisha takriban sehemu 4 tu kwa mwaka.

Sasa nije kwa mume wako, maana naona barua yako nzima inamzunguka yeye.

Mwanasosholojia wa Marekani Robert Atchley, katika miaka ya 1970, alieleza kwamba wengi hupita hatua kadhaa baada ya kustaafu: kwanza fungate, mtu anapumzika na kufurahia, halafu hali ya kuvunjika moyo, siku zinapokuwa ndefu na simu hazilii, kisha kujipanga upya, na mwishoni kutulia. Si kila mtu hupita zote, wala kwa mpangilio huo. Lakini mtu mwenye mwaka mmoja nyumbani, anayempigia mkewe simu kazini na kupanga upya vyombo, ninamwona kama mtu aliyetoka kwenye fungate na bado hajapata pa kushika. Ile orodha ya Holmes na Rahe ya mwaka 1967, inayopima matukio ya maisha kwa uzito wa msongo, iliweka kustaafu katika nafasi ya 10 kati ya matukio 43. Ameishi kwa miongo kadhaa akiulizwa mambo na kutoa majibu. Sasa anayemuuliza jambo ni wewe peke yako, na wewe unarudi jioni umechoka.

Kwa hiyo usianze na vyombo, ingawa najua vinakukera. Mwambie mpange siku. Chagueni milo miwili mtakayokula pamoja, na saa za asubuhi ambazo kila mmoja ana mambo yake bila kuulizwa anakwenda wapi. Kisha mpe kazi nzima, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kumwambia "nisaidie" humfanya awe msaidizi wako, na mtu aliyewahi kuongoza watu huchoka haraka na usaidizi. Mkabidhi, kwa mfano, bili zote za nyumba, au ununuzi wote wa wiki: yeye aandike orodha, yeye aende, yeye atunze stakabadhi. Akileta kitu ambacho wewe usingekinunua, pokea. Ukimsahihisha mara mbili ataiacha, na utakuwa umerudi pale pale. Na simu za kazini, mpangie muda mmoja wa mchana ambao utampigia wewe, kila siku, bila kukosa. Akijua simu inakuja, atakuwa na sababu ndogo ya kukutafuta.

Ukimya wake kuhusu kiinua mgongo ni jambo zito zaidi, na sitakuficha ninachokihofia. Anaponyamaza mwenye fedha aliyezoea kuongea, mara nyingi sehemu ya fedha imekwenda mahali anapoona aibu kupataja: biashara ya rafiki, mkopo aliomlipia mtu, ahadi ya faida iliyoishia hewani. Inawezekana pia fedha zipo zote na hataki tu kuonekana anahesabiwa. Huwezi kujua kwa kumbana. Njia ninayoiamini ni kufungua daftari lako kwanza. Mkalishe siku tulivu, watoto wakiwa hawapo, umwonyeshe makadirio yako, madeni yako, hata lile ulilokuwa humwambii. Mwambie, "Mume wangu, hivi ndivyo nitakavyostaafu. Sijui tutaishije wawili kama najua upande mmoja tu." Halafu nyamaza. Asipojibu siku hiyo, usirudie kesho. Mpe kama wiki mbili, umuulize jambo dogo lenye jibu fupi: je, kuna deni lolote ambalo mtu anaweza kuja kulidai hapa nyumbani? Hilo ni swali la usalama wa nyumba, na una haki nalo kamili.

Ikitokea akakwambia fedha zimepotea, najua utaumia. Jitahidi dakika hizo za kwanza zisiwe za hukumu, kwa sababu ukimfokea hutaambiwa tena lolote, na bado kuna miaka mingi ya kuishi pamoja. Uliza kilichobaki, uliza kilichosainiwa, uliza kama nyumba imewekwa dhamana. Kama ipo karatasi yenye sahihi yenu wawili au hati ya nyumba iliyoko kwa mkopeshaji, mwone mwanasheria mapema, ninyi wawili pamoja. Na akiendelea kukataa kusema lolote, wewe linda chako: usisaini mkopo wowote wa pamoja, mkupuo wako uingie kwenye akaunti yenye jina lako, na hati zako ziwe mahali unapopajua.

Kuhusu kijana, jibu langu ni hapana, usimdhamini. Mdhamini hulipa mkopaji anaposhindwa, na wewe utakuwa unalipa kwa pensheni. Kama unataka kumsaidia, mpe kiasi ambacho uko tayari kisirudi, mwambie hivyo waziwazi, na yaishe. Pia, mtu mwenye miaka 28 na kipato anaweza kubeba bili moja ya nyumba. Mchagulie bili halisi, yenye jina na tarehe, yaani umeme au maji, kwa sababu "changia kidogo" hufa baada ya mwezi wa pili. Akichelewa kulipa, usimlipie kimya kimya. Halafu mkae naye mkubaliane mwezi na mwaka atakaohamia kwake, kabla ya tarehe yako ya kustaafu. Hilo si kumfukuza. Anahitaji kujua kwamba nyumba anayoitegemea inabadilisha kipato.

Ndugu wanaouliza utalipwa lini, huna wajibu wa kuwatajia tarehe wala kiasi. Tayarisheni wewe na mume wako sentensi moja mtakayoisema wote bila kupishana: "Fedha hiyo tumeipangia matumizi ya kila mwezi, haina ziada." Ninyi wawili mkipishana, yule mlegevu ndiye atakayefuatwa. Kama mnapenda kusaidia, na wengi wetu tunapenda na tunapaswa, tengeni kiasi cha mwaka mzima, kikiisha mseme kimeisha. Kusaidia kwa mpango kutakuwezesha kuwasaidia hata ukiwa na miaka 75.

Biashara sasa. Wanaokushauri wanakutakia mema, ila ushauri wao una kasoro ya wakati. Mtu anayefungua biashara ya kwanza maishani akiwa na miaka 60, kwa fedha zake zote, anajifunza kwa gharama ambayo hawezi kuirudisha. Kama kuna kazi unayoipenda kweli, ianze mwaka huu, ndogo sana, kwa fedha za mshahara, jioni na siku za mapumziko. Miaka mitatu itakuonyesha kama wateja wanarudi na kama mwili wako unaiweza. Wewe unajua kupanga kumbukumbu. Zipo ofisi ndogo, vikundi na shule ambazo mafaili yao yamevurugika na hazina mtu wa kuajiri muda wote. Ningeanza kuangalia hapo kabla ya kununua bidhaa za kuuza. Na mkupuo ukishaingia, uweke kwenye akaunti ya muda maalumu au dhamana za serikali kwa miezi 6 ya kwanza bila kufanya uamuzi wowote mkubwa. Yeyote anayekwambia nafasi itapita ukisubiri, mwache apite nayo.

Usingizi. Nakuomba uende ukapimwe presha na sukari mwezi huu, bima ya kazini ingalipo, na umweleze daktari kwamba hulali. Usihesabu kuwa ni mawazo tu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa kasi, pamoja na mazoezi ya misuli angalau siku mbili. Ukifika miaka 65, yanaongezwa mazoezi ya kulinda mizani ya mwili siku tatu au zaidi kwa wiki, kwa ajili ya kuzuia kuanguka. Ukiweza kutembea na mume wako jioni, tembeeni. Yapo mazungumzo ambayo ni rahisi zaidi mkiwa mnatazama mbele kuliko mkiwa mmekaa mnatazamana mezani, na lile la kiinua mgongo huenda likawa mojawapo.

Kazini, fanya mambo mawili bila haraka. Andika kwa maneno mepesi mambo unayoyajua wewe peke yako, kama faili lipi liko wapi na nani hupigiwa simu jambo gani likikwama, na uanze kumfundisha mtu mwaka mmoja kabla. Makabidhiano mazuri yatakufanya uondoke bila kuitwa kila wiki. Pili, hesabu siku za likizo ulizolimbikiza na uulize kwa maandishi zinalipwa au zinapotea, ili uzichukue kwa wakati. Chukua angalau wiki mbili mfululizo ukae nyumbani bila safari wala shughuli maalumu, uone siku zinapitaje mkiwa wawili. Hilo pia ni sehemu ya zoezi, na mume wako atajifunza kama wewe.

Limebaki suala la mkataba ambao bosi wako ameutaja. Uamuzi huo uchukue baada ya ile miezi mitatu ya zoezi na baada ya mazungumzo na mume wako, kwa sababu jibu linategemea unautafuta kwa ajili ya nini. Kama daftari linaonyesha deni lenye mwisho unaoujua, na mwaka mmoja wa mkataba utalimaliza, uombe, miezi 12 kabla ya tarehe yako, kwa barua, na uulize mfuko kama kulipwa mshahara wa mkataba kunagusa pensheni yako. Pia uliza mkataba una bima ya afya au hauna. Lakini kama unautaka kwa sababu kurudi nyumbani mchana kunakutisha, usiuombe kwanza. Tumia nguvu hizo kwenye milo miwili, zile bili mlizokabidhiana na matembezi ya jioni, kisha mwakani utazame tena kama bado unauhitaji.